Miaka 10 na Land Cruiser 100: tathmini ya gari la kifahari linalozeeka, na jinsi nilivyofikia kulibadilisha

Nilinunua Toyota Land Cruiser 100 mwaka 2013, likiwa limetembea kilomita 148,000 mikononi mwa mwenyewe wa kwanza, na nikaachana nalo mwaka 2023 likiwa limefikisha 391,000. Lilikuwa la mwaka 2003, lenye injini ya petroli ya V8 ya lita 4.7, gia boksi ya otomatiki ya gia 5, viti vya ngozi, dirisha la paa, na ule mfumo wa haidroliki unaolipandisha na kulishusha gari kwa kubonyeza kitufe. Tathmini nyingi za gari hili ziliandikwa na watu walioliendesha kwa siku chache likiwa bado linanukia upya. Yangu inahusu umri ambao wengi wetu ndipo tunapolimudu, yaani tangu likiwa na miaka 10 hadi likiwa na miaka 20, na inahusu pia gari lililochukua nafasi yake, kwa sababu anayenunua gari la namna hii kuukuu ananunua na swali la lini aliache.

Toleo la 100 lilizinduliwa Januari 1998 kuchukua nafasi ya toleo la 80, likaendelea kuundwa hadi 2007, na ndugu yake aliyevaa nguo nzito zaidi aliitwa Lexus LX 470. Umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni milimita 2,850, kipimo kilekile kilichokuwa kwenye toleo la 80 na ambacho hakikubadilishwa kwenye matoleo yaliyofuata, 200 na 300. Bodi imekalishwa juu ya chasi ya ngazi kama lori. Lakini magurudumu ya mbele yalipewa kila moja mkono wake, jambo ambalo liliwaudhi wapenzi wa ekseli nzima, ingawa Toyota iliwatengenezea pia toleo la 105 lililobaki na ekseli hiyo. Kwa hiyo ukiwa na 100 yenye kila kitu una magari mawili katika moja: gari la kazi chini, na sebule juu. Magari hayo mawili hayazeeki kwa mwendo mmoja, na muda mwingi wa miaka yangu 10 niliutumia kuisikiliza sebule ikilalamika huku sijui kinachoendelea chini.

Nianze na injini, kwa kuwa ndiyo iliyonipa kazi ndogo kuliko zote. Ni ile inayojulikana kwa jina la 2UZ-FE, yenye bloku ya chuma cha kusubu na vichwa vya alumini, nzito, isiyo na haraka, inayovuta vizuri tangu mizunguko ya chini. Nilimwaga oili kila kilomita 8,000, zaidi ya lita 6 kila mara, na katika kilomita 243,000 nilizoliendesha haikufunguliwa hata mara moja. Haikula oili kiasi cha kuongezewa kati ya sevisi na sevisi. Mafuta ndiyo ilikula: lita 18 kwa kila kilomita 100 katika safari zangu za kawaida, na zaidi ya hapo kwenye mchanga au foleni. Mtu asiyeweza kuishi na namba hiyo asidanganywe na utulivu wa injini yenyewe, maana hakuna plagi, kichujio wala namna ya kuendesha itakayoishusha kwa kiasi cha maana.

Kuna jambo moja la kimaumbile ambalo mnunuzi anapaswa kulijua kabla ya kulikuta. Starta ya injini hii imewekwa bondeni, katikati ya safu mbili za silinda, chini ya manifoldi ya kuingizia hewa. Ukitaka kuifikia, sharti uing'oe manifoldi hiyo na kila kilichofungwa juu yake. Yangu ilipoanza kugoma asubuhi, ikiwa na miaka 16, fundi wangu hakukimbilia kununua starta nzima. Alibadilisha vipande vya shaba vya ndani vilivyolika, akabadilisha gasketi za manifoldi, na kwa kuwa alikwisha fika huko alibadilisha na mipira yote ya maji iliyokuwa imejificha bondeni humo. Huo ndio utaratibu ninaoupendekeza kwa gari lenye umri: kazi ihesabiwe kwa mahali panapofunguliwa, na kila chenye umri kilichopo mahali hapo kibadilishwe siku hiyohiyo, hata kama bado hakijavuja.

Nilijifunza jambo hilo kwa gharama. Mkanda wa taimingi wa injini hii, ule unaooanisha mwendo wa vali na pistoni, hubadilishwa kwenye kilomita 150,000, kwa hiyo gari lilinifikia likiwa kwenye zamu yake. Gereji niliyoipelekea, ambayo sitaitaja, iliniandikia ankara ya mkanda, pampu ya maji, puli na kikaza mkanda, nami nikalipa nikashukuru. Baada ya miezi 7 nikaona ukoko wa rangi ya waridi chini ya pampu, ile chumvi inayoachwa na kulanti nyekundu inapovuja tone kwa tone na kukauka juu ya chuma cha moto. Fundi mwingine alipofungua tulikuta mkanda mpya juu ya pampu ya zamani, puli za zamani na kikaza cha zamani. Pampu ya maji kwenye injini hii inazungushwa na mkanda huohuo wa taimingi, hivyo pampu ikikwama haiishii kupandisha joto tu, inauchukua na mkanda. Kazi yote ilirudiwa tangu mwanzo. Tangu siku hiyo hakuna spea iliyobadilishwa kwenye gari langu bila ile kuukuu kurudishwa mkononi mwangu ndani ya boksi la ile mpya, na nilianza daftari lenye tarehe, kilomita, jina la kipande na namba yake. Daftari hilo lilinifaa kuliko kifaa chochote cha kompyuta nilichowahi kuchomeka chini ya usukani.

Sasa nije kwenye plastiki na mpira. Vitu hivi havisomi kilomita, vinasoma miaka na joto, na ndiyo maana gari la 2003 lenye kilomita chache linaweza kuwa baya kuliko lililotembea sana na kutunzwa. Nyuma ya injini, karibu na ukuta wa chuma unaotenganisha injini na abiria, kuna viungio vidogo viwili vya plastiki vyenye umbo la herufi T, ambavyo vinagawa maji ya moto kati ya hita ya mbele na ya nyuma. Ni vidogo kuliko kidole gumba. Vikiwa vipya ni vyeusi na vigumu. Vyangu niliamua kuvibadilisha likiwa na miaka 12 bila kuona dalili yoyote, kwa sababu ya kusoma tu kwamba huzeeka. Nililegeza klipu, nikakishika kimoja kwa vidole viwili ili nikizungushe, na kikapukutika mkononi kama ganda la yai la kuchemsha. Sikukibana kwa koleo, ni vidole tu. Kingevunjika barabarani, maji yote ya injini yangemwagika kabla sijauona mshale wa joto ukipanda, na injini hii niliyoisifu ingechemka ikafa kwa ajili ya kipande cha bei ya chai. Mtu yeyote anayenunua 100 leo, hata kama hana fedha ya kitu kingine, avibadilishe hivi viwili katika wiki ya kwanza.

Rejeta nayo inajitangaza kwa yule anayeangalia. Sehemu yake ya juu ni ya plastiki nyeusi, na kadiri miaka inavyokwenda rangi hiyo hugeuka ya kahawia iliyopauka, kwanza karibu na shingo yanapoingia maji ya moto, kisha yote. Ikishakuwa kahawia, ufa uko njiani. Yangu niliibadilisha ikiwa bado nzima, na nilipoiweka chini ya jua na kuigonga kwa bisibisi ililia kama kikombe kilichopasuka.

Sehemu inayohitaji maneno mengi ni ile ya haidroliki ya kupandisha na kushusha gari, kwa kuwa ndiyo inayotofautisha toleo la kifahari na la kawaida, na ndiyo inayowafanya watu wengi waliuze mapema bila sababu. Mfumo huu unafanya kazi pamoja na springi, hauziondoi. Nyuma kuna springi za mviringo na mbele kuna fito ndefu za chuma zinazojisokota, na hizo ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya uzito. Kilichobaki kinabebwa na maji ya haidroliki yanayosukumwa na pampu. Karibu na kila gurudumu kuna tufe la chuma lenye utando ndani, upande mmoja maji, upande mwingine gesi ya naitrojeni, na gesi hiyo ndiyo inayolainisha mishtuko. Gesi ikitoroka au utando ukikakamaa, gari linaanza kurukaruka juu ya matuta madogo kama mkokoteni.

Hapo ndipo makosa hutokea. Mwenye gari huambiwa matufe yamekufa, hununua manne kwa fedha nyingi, hufurahi kwa muda, kisha ugumu hurudi. Kinachosahaulika ni kwamba springi nazo zimekwisha miaka 15. Zimelegea na kusinyaa, hivyo uzito zilioushindwa umehamia kwenye maji, shinikizo limepanda, na matufe mapya yanapondwa kwa mzigo ambao hayakutengenezwa kuubeba. Fundi wangu alianza kwa mpangilio tofauti. Kwanza aliweka springi mpya za nyuma. Kisha akazikaza fito za mbele hadi kila gurudumu likarudi kwenye kimo chake na shinikizo likashuka. Akayamwaga maji yote ya zamani, yaliyokuwa meusi kama oili ya injini, akaweka yaliyoandikwa kwa ajili ya mfumo huu na si mengine. Mwisho kabisa ndipo alipoyapima matufe, na kipimo chenyewe hakihitaji mashine: gari linashushwa hadi chini, unasoma kimo cha maji kwenye mistari ya chupa yake iliyo chini ya boneti, linapandishwa hadi juu, unasoma tena. Tofauti ikiwa kubwa, matufe yanapumua. Ikiwa imepungua kufikia nusu ya ile ya matufe mapya, yamekwisha. Yangu ya mbele yalikuwa yamekwisha na ya nyuma yalikuwa na uhai kidogo, nikabadilisha yote manne.

Sitausahau mwendo wa jioni ile nilipolitoa gereji. Kulikuwa na reli iliyokatiza barabara ambayo kwa miaka miwili nilikuwa naivuka kwa kukunja uso, nikisubiri vyombo vya nyuma vigonge. Nilipoivuka nilisikia tairi tu, tum-tum, na mkono wangu uliokuwa umeushika usukani kwa nguvu ukakosa kazi.

Wapo wanaoshauri mfumo wote ung'olewe na kuwekwa shokapu za kawaida. Kwa gari linalobeba mizigo mizito kila siku ushauri huo una maana, kwa sababu shokapu ya kawaida hupatikana kokote na fundi yeyote anaijua. Kwa gari la familia, maoni yangu ni kwamba ukiung'oa umelipa gharama za kumiliki gari la kifahari na kubaki na lori lenye viti vya ngozi.

Kuhusu breki nitasema machache lakini yasipuuzwe. Magari mengi ya toleo hili hayategemei mvuto wa hewa ya injini kuongeza nguvu ya breki. Yana mota ndogo ya umeme inayosukuma maji ya breki na kuyahifadhi kwa shinikizo kwenye chupa ya chuma. Zima injini na swichi, kanyaga pedali mara nyingi, kisha washa swichi bila kuwasha injini usikilize. Mota inapaswa kulia kwa takriban nusu dakika na kunyamaza. Ikilia dakika nzima, au ikiamka yenyewe mara kwa mara hali hujagusa pedali, imechoka, na taa na king'ora vya kwenye dashibodi vinavyofuata si mapambo. Kipande hiki ni cha ghali na wengi hununua kilichotumika kutoka gari lililogongwa. Mimi sikukubali, kwa sababu kilichotumika kina umri uleule wa kile kinachokufa, na hiki ndicho kinacholisimamisha gari la tani mbili na nusu.

Beringi za magurudumu ya mbele zinahitaji kufunguliwa, kusafishwa na kujazwa grisi upya kila kilomita 50,000 hivi. Propela shafti zina chuchu za grisi ambazo gereji nyingi hazizigusi. Ukisikia gari linapiga kishindo kidogo chini unaposimama au kuondoka, jaribu grisi kabla ya kumruhusu mtu akuuzie difu. Ngozi ya kiti cha dereva itapasuka upande wa mlango, rimoti itachoka, vitufe vitafutika maandishi. Hayo yanavumilika.

Watu huniuliza kama matengenezo yote haya yalikuwa na hesabu. Kipimo kinachotumiwa sana ni kwamba matengenezo ya mwaka yakikaribia thamani ya gari, liache. Nadhani kipimo hicho kinapotosha, kwa kuwa thamani ya gari la miaka 15 imekwisha kushuka karibu pote linapoweza kushuka, na chochote utakachokifanya kitaonekana kikubwa mbele yake. Linganisha matengenezo ya mwaka mmoja na kile ambacho gari jipya la daraja hilohilo linapoteza katika mwaka huo kwa kusimama tu nyumbani. Mwaka wangu mzito kuliko yote ulikuwa 2019, ambapo mkanda wa pili, rejeta, springi na matufe vilikutana, na hata mwaka huo hesabu ya daftari ilibaki upande wa kulitunza. Lakini hesabu hiyo ina sharti moja ambalo sikulitilia maanani, nalo ni kwamba kile unachokitengeneza kiwe kimefungwa juu ya kitu kizima.

Mwenyewe wa kwanza alikaa kwenye nchi ya baridi ambako barabara humwagiwa chumvi ili kuyeyusha barafu. Nililijua hilo siku nilipolinunua. Nililala chini nikaona rangi nyeusi iliyopakwa vizuri juu ya chasi, nikaridhika. Kwa miaka 9 nilipitia mikono, bushi, mipira ya maji na kila sili, na nilikuwa naiona chasi kila mara kama mtu anavyouona ukuta wa nyumba. Mwaka 2022, gari likiwa juu ya mashine ya kunyanyulia kwa kazi ya breki, fundi wangu alichukua nyundo ndogo na kuanza kuigonga chasi tangu mbele kwenda nyuma, akitega sikio. Mbele ililia kwa sauti kali inayobaki masikioni. Katikati hivyohivyo. Alipofika pale inapopinda kupita juu ya ekseli ya nyuma sauti ikabadilika, ikawa butu kama ya ubao uliolowa, na pigo la tatu likaangusha kigae cha kutu kipana kama kiganja. Alikiokota, akakivunja katikati, kikatoka tabaka kwa tabaka kama chapati.

"Mzee," aliniambia, "injini bado kijana. Kinachokufa ni mifupa."

Chasi hii ni mrija wa chuma wa pembe nne, na mrija huo una matundu ambayo matope na maji hupenya na kutulia pale kwenye mpindo. Chumvi ilikuwa imeingia humo miaka mingi kabla ya kunifikia, na ile rangi nyeusi niliyoifurahia ilikuwa imepakwa nje juu ya chuma kinacholiwa kutoka ndani. Tulijaribu kuchomelea. Mchomeleaji alikata ili apate chuma kizima cha kushikia kiraka, akakata tena, na kila alipokata ukingo ulikuwa mwembamba kuliko alipotoka. Alifikia karibu na kishikio cha mkono wa ekseli akaweka mashine chini. Kiraka kinaweza kushika uzito wa gari lililosimama, alisema, lakini yeye hatamwambia mtu apande na watoto. Uamuzi wa kuachana na gari langu ulifanyika hapo, na haukuhusiana na mkanda, matufe, rejeta wala chochote kati ya vile vilivyojaza daftari.

Katika kutafuta mbadala niliangalia magari manne. Range Rover ya kizazi cha tatu, iliyoanza kuuzwa 2002, niliiendesha siku nzima na ni gari tulivu kuliko yote niliyoyajaribu. Haina chasi ya ngazi. Bodi na mifupa ni kitu kimoja, na springi zake ni mifuko ya hewa pekee, kwa hiyo ndani yake anasa na uwezo wa njia mbovu havitenganishiki. Anayeinunua ikiwa na umri anunue akijua kwamba hewa ndiyo inayolishika gari. Prado 150 ni gari jema, jembamba na rahisi kulitunza, ila kwa aliyezoea V8 na upana wa 100 familia yote ilihisi imehamia chumba kidogo. Land Cruiser 300, iliyozinduliwa 2021, imepunguzwa kama kilo 200 na kupewa V6 zenye tabo mbili badala ya V8, na gia boksi ya gia 10. Ni gari la kizazi kingine kabisa barabarani. Lakini Januari 2022 Toyota yenyewe ilitangaza kwamba kulisubiri Japani kunaweza kufika miaka 4, na mwaka 2024, nilipokuwa nimekwisha amua, ikayarudisha gereji, huko Marekani, zaidi ya magari 100,000 ya Tundra (pikapu yake kubwa) na Lexus LX yenye V6 ya petroli ya ukoo huo kwa sababu ya mabaki ya uchongaji yaliyoachwa ndani ya injini. Siyataji haya ili kulishusha. Ninasema tu kwamba kwa mtu anayekusudia kulifikisha gari miaka 20, injini yenye historia ndefu ina thamani ambayo namba za nguvu haziionyeshi.

Nilichukua Land Cruiser 200 ya mwaka 2014, yenye V8 ya petroli ya lita 4.6 na gia boksi ya gia 6. Injini hii inatumia cheni ya taimingi badala ya mkanda, na hilo peke yake linafuta ukurasa mzima wa daftari la zamani. Nililichagua lisilo na haidroliki ya kupandisha gari, bali lenye mfumo unaoziunganisha kwa maji stebiliza za mbele na za nyuma, yaani fito zinazozuia gari kulala upande, ambao huzikaza barabarani kwenye kona na kuziachia gari linapopita penye mashimo ili kila gurudumu lifike chini. Ni werevu uliotulia. Hakuna kitufe, na dereva hajui kama upo mpaka aendeshe gari lisilo nao. Linakula lita 15 hadi 16 pale ambapo la zamani lilikula 18. Linasimama vizuri zaidi.

Kuna niliyoyapoteza pia. Gari la 200 lina urefu wa milimita 4,950 na upana wa 1,970, dhidi ya 4,890 na 1,940 za lile la 100, na ingawa kwenye karatasi tofauti ni ndogo, ukiwa kwenye kiti unaiona kubwa, kwa sababu dashibodi imepanda na boneti imevimba. Katika 100 niliziona pembe zote mbili za mbele na niliweza kulipitisha kati ya miti miwili bila kushuka. Katika 200 ninategemea kamera. Plastiki za ndani zinapendeza lakini hazina ule uzito wa mlango wa 100 unaofungwa kwa sauti moja fupi. Na pampu ya maji ya injini hii nayo ina tabia ya kuanza kuvuja ukoko uleule wa waridi, kwa hiyo tochi yangu bado ina kazi.

Kwa anayefikiria kununua 100 leo, nalipendekeza bado, kwa moyo wote, kwa sharti kwamba uangalizi uanze chini na uishie juu. Lala chini ya gari ukiwa na nyundo kabla hujafungua mlango wake. Ukiisikia chasi ikilia tangu mwanzo hadi mwisho, ukaingiza kamera ndogo ya waya kwenye matundu yake ukaona chuma na si majani ya kutu, basi ngozi iliyopasuka, matufe yaliyokufa na rejeta ya kahawia ni vitu vya kupunguzia bei. Chasi ikiwa butu mahali popote, injini nzuri isikushawishi. La kilomita 400,000 kutoka nchi isiyomwaga chumvi barabarani ni bora kuliko la 120,000 lililokaa kwenye chumvi, na ningelipa zaidi kwa hilo la kwanza.

Gari langu lilinunuliwa na fundi wangu mwenyewe. Injini na gia boksi vimeingia kwenye 100 nyingine yenye chasi safi ambayo mwenyewe wake wa zamani aliiacha ichemke hadi vichwa vikapinda, na matufe yangu manne yanafanya kazi chini ya gari hilohilo. La 200 nililipeleka kwake siku ya tatu baada ya kulinunua, kabla hata ya kumwaga oili. Ukurasa wa kwanza wa daftari jipya una mistari miwili tu: chasi imegongwa yote na kuoshwa ndani kwa maji yasiyo na chumvi, imekauka siku mbili, imepulizwa nta ndani ya mrija, matundu yote 4 ya kutolea maji yamezibuliwa.